Bomba la bafuni lina shoti? Usiishie kuvaa ndala

Kama unaishi nyumba ya kupanga, huenda umewahi kuambiwa na jirani, "Ukienda kuoga vaa ndala, lile bomba lina shoti." Wapangaji wanazoea, watoto wanafundishwa kufungulia maji kwa kitambaa, na kodi inalipwa kama kawaida.

Mzazi, hapo hakuna cha kuzoea. Bomba au mlango wa friji ukikutekenya, kuna umeme unaovuja na haupati njia salama ya kwenda ardhini. Umeme wa majumbani ni wa volti 230. Ngozi kavu huuzuia kiasi, iliyolowa huupitisha kirahisi. Mtoto aliyesimama peku kwenye sakafu yenye maji ndiye anayegeuka kuwa njia yake, na ukipita kifuani moyo unaweza kusimama palepale.

Wa kurekebisha ni mwenye nyumba. Nyaya za ukutani, soketi, meni swichi na waya wa ethi ni vyake, na hita au friji aliyokukabidhi pamoja na chumba pia ni yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka anayepangisha sehemu ya jengo atunze mifumo inayotumiwa na wapangaji kwa pamoja. Pasi na ekstensheni uliyonunua mwenyewe ni juu yako, usimsingizie. Kazi aifanye fundi mwenye leseni ya EWURA, si kijana yeyote anayejua kuunga waya.

Wenye nyumba wengi hujibu, "Mbona sakiti breka ipo?" Ipo, lakini kazi yake ni kulinda nyaya zisiungue. Breka ya ampea 32 haishtuki kwa umeme unaotosha kuua mtu, maana huo haufiki hata ampea moja. Kinachomlinda mtu ni kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, chenye kitufe cha herufi T. Cha kawaida cha majumbani hukata umeme ukivuja kwa miliampea 30. Bonyeza kitufe hicho. Umeme usipokatika, kifaa ni kibovu.

Mweleze mwenye nyumba kwa ujumbe wa simu, ili kumbukumbu ibaki. Bomba hilo lisiguswe hadi fundi alikague.

Mtoto akinaswa, usimshike. Zima meni swichi kwanza. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu. Asipopumua, anza kumkandamiza kifua huku wengine wakitafuta usafiri. Mpeleke hospitali hata akiamka na kucheza: kidonda kidogo kidoleni kinaweza kuficha misuli iliyoungua ndani, na mapigo ya moyo yanahitaji kupimwa. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mwambie daktari mara moja.

Aliyeng'ata waya aangaliwe kwa muda mrefu zaidi. Kigaga cha mdomoni kinaweza kubanduka baada ya wiki moja au mbili, damu ikatoka kwa kasi. Bana mdomo hapo kwa vidole viwili na kitambaa safi, na usiachie hadi mfike hospitali.