Kwa Nini Dawa Nyingine Hufungiwa kwa Kufuli Mbili?

Ukiingia katika chumba cha dawa cha hospitali utaona dawa nyingi zimepangwa juu ya rafu. Ziko dawa za malaria, dawa za minyoo, dawa za kuharisha na vidonge vya kutuliza homa. Lakini pembeni utaona kabati dogo la chuma lililokazwa ukutani. Ukilifungua, ndani yake kuna kabati jingine, nalo lina kufuli yake. Muuguzi akitaka dawa iliyomo humo hufungua mara mbili. Kisha huandika katika daftari.

Wazee huniuliza, "Mwanangu, dawa hizo mnamfichia nani? Dawa si ya wagonjwa?" Swali hilo ni zuri. Wako watu wanaodhani kuwa waganga hufunga dawa mchana ili waziuze usiku. Basi leo tuzungumze juu ya kabati hilo.

Ni dawa gani hizo?

Dawa zinazofungiwa hivyo si nyingi. Kwanza kuna mofini na pethidini. Hizi hutuliza maumivu makali sana. Hupewa mtu aliyevunjika paja, aliyeungua moto, aliyepasuliwa, au mgonjwa wa saratani ambaye vidonge vya kawaida havimsaidii tena. Kisha kuna diazepamu na fenobabitoni. Hizi huzuia degedege na kifafa. Mofini huwa zaidi hospitalini, lakini diazepamu ya sindano unaweza kuikuta hata katika zahanati, kwa sababu degedege haliwezi kungoja gari.

Mofini hutokana na utomvu wa mmea unaotoa afyuni. Wengine huita afyuni kasumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 Mjerumani mmoja, Friedrich Sertürner, alifaulu kuitenga mofini kutoka katika afyuni. Tangu hapo waganga waliweza kupima dawa ya maumivu kwa kiasi kamili. Lakini heroini, inayoharibu vijana wengi mijini, hutengenezwa kutokana na mofini hiyo hiyo.

Sasa umeanza kuona shida iko wapi. Kiasi kinachofaa humtuliza mgonjwa. Kiasi kikizidi, pumzi hupungua, mtu halali tena bali anazimia, na anaweza kufa. Tena mtu anayezitumia ovyo mwili wake huzizoea, na akizikosa huteseka. Kwa hiyo wako watu wanaozitaka ambao si wagonjwa, nao wako tayari kulipa. Sijasikia mtu aliyevunja dirisha la zahanati usiku ili aibe dawa ya minyoo.

Mwaka 1961 wajumbe wa mataifa walikutana New York wakafanya mkataba juu ya dawa za namna hii. Mkataba huo unasema mambo mawili. Unasema nchi zizuie dawa hizi zisiwafikie watu wasiohusika. Unasema pia kwamba dawa hizi ni za lazima kwa kutuliza maumivu, na nchi zihakikishe wagonjwa wanazipata. Watu wengi hukumbuka jambo la kwanza na kusahau la pili. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015.

Hesabu ya daftari

Kufuli peke yake haitoshi. Mwenye ufunguo naye ni binadamu. Ndiyo maana liko daftari.

Tufanye hesabu pamoja. Jumatatu asubuhi kabati lina chupa 10 ndogo za mofini. Kila chupa ina miligramu 10. Saa nne analetwa kijana aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, na paja limevunjika. Mganga anaagiza achomwe miligramu 5 kwanza. Muuguzi anatoa chupa 1 na kuivunja shingo. Miligramu 5 zinaingia mwilini mwa kijana. Je, miligramu 5 zilizobaki zinakwenda wapi?

Hazirudi kabatini, kwa sababu chupa ya kioo ikishavunjwa haifungiki tena. Hapewi mgonjwa wa kitanda cha pili. Kiasi kilichobaki kikishakuwa hakihitajiki, humwagwa mbele ya shahidi. Katika daftari huandikwa tarehe, saa, jina la mgonjwa, kiasi alichopewa, kiasi kilichomwagwa, na chupa zilizobaki: 10 kutoa 1, zinabaki 9. Hapo watu wawili hutia sahihi, si mmoja.

Jioni zamu inabadilika. Anayeondoka na anayeingia husimama pamoja mbele ya kabati na kuhesabu. Daftari likisema 9 na kabati lina 8, hakuna anayekwenda nyumbani kimya kimya. Mkubwa wa kituo huitwa usiku huo huo, maana kesho kila mtu atakuwa amesahau nani alifungua nini.

Mwizi wa dawa hizi mara nyingi havunji dirisha. Anavaa koti jeupe kama langu. Anaweza kuandika kwamba mgonjwa amechomwa sindano, kumbe hakuchomwa. Anaweza kuvuta dawa na kutia maji mahali pake. Mgonjwa analia usiku kucha, na daftari linasema amepata dawa. Kwa hiyo ukimuuguza ndugu yako hospitalini, na maumivu hayapungui hata kidogo baada ya sindano, mwambie mganga mfawidhi. Mara nyingi sababu itakuwa kwamba kiasi ni kidogo. Hata hivyo mwambie, naye atatazama.

Yaliyotokea Uingereza

Mnaweza kusema, "Huyu kijana anawasingizia wenzake." Basi tazameni nchi yenye madaktari wengi na madaftari mengi kuliko sisi.

Katika mji wa Hyde, karibu na Manchester, alikuwako daktari aitwaye Harold Shipman. Mwaka 1976 mahakama ilimwadhibu kwa kughushi karatasi za dawa ili ajipatie pethidini ya kutumia yeye mwenyewe. Baadaye alirudi katika kazi yake. Alisema kwamba yeye haweki dawa za aina hii, kwa hiyo hana daftari la dawa hizo. Kumbe alikuwa akizipata. Aliandika dawa kwa majina ya wagonjwa. Tena mgonjwa wa saratani akifa nyumbani, daktari alichukua dawa zilizobaki, na wafiwa hawakuuliza, kwa kuwa ni daktari wao. Dawa hiyo iliitwa diamofini, ni ya jamaa moja na mofini. Alikwenda nayo katika nyumba za wagonjwa wake, wengi wao akina mama wazee, akawachoma sindano, wakafa.

Alikamatwa mwaka 1998. Mwaka 2000 mahakama ilimtia hatiani kwa kuua watu 15. Tume iliyoongozwa na jaji Janet Smith ilipochunguza zaidi, ilieleza mwaka 2002 kwamba aliowaua walikuwa angalau 215. Tume hiyo ilitoa taarifa nzima juu ya utunzaji wa dawa hizi mwaka 2004, na sheria za Uingereza zikakazwa.

Sikuelezi haya ili uogope sindano. Daktari wa namna hiyo ni nadra mno. Nakueleza kwa sababu dawa ilipita mikononi mwake miaka mingi na hapakuwa na mtu wa pili wa kuhesabu pamoja naye.

Dawa inaposafiri

Kazi ni ngumu zaidi dawa inapotoka hospitalini na kwenda kwa mgonjwa. Katika nchi ambazo gari la wagonjwa hubeba mofini, dawa hukaa katika kikasha kilichofungwa, na kikasha hukaa katika sanduku lililokazwa ndani ya gari. Kikasha hutiwa lakiri yenye namba. Lakiri ikikatika au namba ikibadilika, watu hujua kuwa kimefunguliwa. Wahudumu huhesabu wanapopokea gari na huhesabu tena wanaporudi.

Mnajua ajali ya barabarani ilivyo. Watu hujaa. Wengine wanabeba majeruhi, wengine wanatazama mifuko. Mhudumu anapiga magoti kandokando ya majeruhi, na mlango wa gari uko wazi nyuma yake. Ukiwapo hapo, unaweza kusaidia sana kwa kusimama mlangoni na kuwazuia watu wasiingie garini. Kama uliona sindano au chupa imeanguka katika majani, usiiokote kwa mkono mtupu na usimwachie mtoto. Mwonyeshe mhudumu.

Ufunguo uliokwenda sokoni

Sasa nije upande wa pili, ambao mimi huniuma zaidi.

Katika kituo kimoja nilichowahi kufanyia mazoezi, mama mmoja alimleta mtoto anayetetemeka kwa degedege. Degedege likipita dakika 5 bila kukoma, ni lazima lizuiwe kwa dawa, maana linaweza kuumiza ubongo. Dawa ilikuwapo, ndani ya kabati. Ufunguo haukuwapo. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda nao sokoni ndani ya mfuko wa suruali. Tulimlaza mtoto ubavu, tukamsafisha mdomo, tukapima sukari, na kijana akatumwa mbio kwa baiskeli. Ufunguo ulifika baada ya dakika 25. Mtoto alipona, lakini mama yake hakusahau, nami sijasahau.

Kabati lile lilikuwa salama kabisa. Hata mgonjwa hakuweza kuiba. Je, huo ndio ulinzi tunaoutaka?

Ufunguo wa kabati hili hukaa na mtu aliye zamu, awe anatembea nao mwilini. Hautundikwi ukutani, hauwekwi mezani, na hauondoki kituoni. Zamu ikiisha hukabidhiwa kwa sahihi, kama dawa zenyewe. Wewe mwanakijiji una haki ya kuuliza katika mkutano: "Usiku ufunguo wa dawa za dharura unakaa na nani?" Usiulize ufunguo unawekwa wapi mbele ya mkutano mzima. Uliza tu kama aliye zamu anao.

Liko jambo jingine ambalo watu hawalijui. Kila mwaka nchi hukadiria mofini itakayohitaji, na makadirio hayo hupelekwa kwenye bodi ya kimataifa inayosimamia mkataba ule. Kituo kinachoogopa daftari, kisha kikawaacha wagonjwa walie bila dawa, huonekana kwamba hakina wagonjwa wenye maumivu. Mwaka unaofuata kitaletewa kidogo, au hakitaletewa kabisa. Kwa hiyo daftari lililojazwa vizuri huleta dawa.

Dawa ikiwa nyumbani kwako

Siku hizi mgonjwa wa saratani anaweza kupewa mofini ya maji akanywe nyumbani. Ni jambo jema. Afe au aishi, hapaswi kuishi kwa kulia. Lakini kabati la kufuli mbili sasa limehamia kwako.

Iweke katika sanduku lenye kufuli, juu, mbali na watoto. Iache katika chupa yake yenye maandishi. Usiihamishie katika chupa ya soda, maana mtoto mwenye kiu hasomi. Mtu mmoja katika nyumba awe ndiye mwenye kuipima, kwa kipimo alichopewa hospitalini, wala si kwa kijiko cha chai. Kila mara aandike saa na kiasi katika karatasi. Usimgawie jirani hata kama mgongo unamuuma sana. Kiasi kinachomtuliza mgonjwa aliyekwisha kuzoea kinaweza kumuua mtu mzima wa afya.

Siku za kwanza mgonjwa atasinzia, nayo ni kawaida. Choo kitakuwa kigumu, basi omba dawa ya kulainisha. Lakini ukimwita haamki, na pumzi zake ni chache na za mbali, mpeleke hospitali upesi pamoja na chupa ile. Hospitalini kuna dawa iitwayo naloksoni ambayo huondoa nguvu ya mofini.

Mgonjwa akifariki, usimwage dawa iliyobaki chooni. Usiiweke kwa ajili ya mwingine. Usimpe mtu yeyote anayekuja kuichukua bila karatasi, hata kama ni mimi. Mkishamaliza matanga, ilete hospitali iliyoitoa. Tutaipima pamoja, wewe na mimi, na kiasi kitaandikwa. Chini yake pana mistari miwili ya sahihi. Mmoja ni wangu. Wewe umeshajua kuandika jina lako, basi liandike katika mstari wa pili.