Mwanamke Aliyeigiza Kimya

Chama chetu kilipogawa nafasi za mchezo wa mwaka huu, mimi nilipewa ya mgonjwa asiyesema neno tangu mwanzo hadi mwisho. Nilinuna, sitaficha. Wenzangu wana kurasa tatu tatu za kukariri, mie niko kitini tu kama mzigo uliosahauliwa stejini! Mwalimu hakunigombeza. Alitukusanya mbele ya tarakilishi yake akatuonyesha filamu iitwayo Maangamizi.

Filamu hiyo ilielekezwa na Martin Mhando wa Tanzania na Ron Mulvihill wa Marekani, na mwaka 2001 ilikuwa ya kwanza kutoka Tanzania kupelekwa kushindania tuzo za Oscar. Daktari Asira, Mmarekani mweusi, anakuja Tanzania kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko anamkuta Samehe, mama aliyekaa miaka ishirini bila kusema. Kisa ni jambo alilomwona mamake akitendewa alipokuwa mtoto. Sisemi zaidi, nisije nikawaharibia.

Aliyeigiza Samehe ni Amandina Lihamba. Nilikuwa nikidhani asiyesema hana kazi. Mtazameni mama huyu! Yuko kimya, lakini unajua kabisa maneno yamo ndani na kuna kitu kimeyaziba. Mimi kitini nilikuwa nimekaa tu, hata sikuwa nimejiuliza mgonjwa wangu amenyamazia nini.

Lihamba alizaliwa mwaka 1944. Alifundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka mingi hadi akawa profesa, na shahada ya uzamifu aliipata Leeds, Uingereza, mwaka 1985. Huandika pia. Tamthilia yake Hawala ya Fedha (1980) imetokana na kisa cha Ousmane Sembène wa Senegali, cha mtu aliyetumiwa pesa akashindwa kuzitoa posta kwa kukosa kitambulisho. Hapa Pwani mchezo huo hauhitaji kuelezwa sana.

Lakini lililonishangaza ni hili. Mwaka 1996, yeye na Penina Mlama, mwandishi mwenzake, walianzisha mradi uitwao Tuseme. Wasichana wa sekondari hukaa pamoja wakataja yanayowazuia kusoma: karo, mimba, kazi za nyumbani zisizokwisha, wanaume wanaowasumbua njiani. Kisha huyatungia mchezo wakauonyesha mbele ya walimu na wazazi. Yaani lile ambalo msichana hawezi kumwambia mkubwa uso kwa uso, analisema akiwa mtu mwingine. Mradi ulienea hadi nchi nyingine za Afrika. Kumbe aliyeigiza kimya kile ndiye huyo huyo aliyekuwa akiwafundisha wasichana kusema!

Sasa nirudi kwetu Watamu. Hapa mtu akisikia binti yuko stejini, humdhania ni wale wanaowachezea watalii ngoma hotelini usiku. Baba ndivyo anavyoona. Mama anajua kwa nini nachelewa kurudi siku za mazoezi, baba hajaambiwa. Mwalimu amekubali mchezo uanze saa nane mchana, ili sisi wa kutwa tufike nyumbani kabla ya magharibi. Wazazi wote wameandikiwa mwaliko. Wa baba ninao mkobani tangu Jumatatu, na leo ni Alhamisi.