Bunga ya Mihogo na Miguu ya Mtoto

Mama msomaji, na wewe baba unayetoka kariere na njaa kali, hapa Kolwezi tunapika bukari ya mahindi na mihogo. Je, mihogo ile ililala siku ngapi katika maji?

Kule Bandundu, barabara nzuri ya Kinshasa ilipofika, biashara ya mihogo ilipanda. Badala ya kulowesha siku 3, wengine walilowesha siku 1 tu, juu ya haraka ya kuuza. Ndipo konzo iliongezeka. Ugonjwa huo Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kule Kwango. Mtoto analala mzima, anaamuka miguu yote miwili imekakamaa, na haiponi tena. Wengine wanatafuta mchawi. Ndugu, mwacheni bibi kizee, tazameni kwanza ndani ya sufuria!

Mihogo michungu inatoa sianidi, sumu ile ile wanayotumia kusafisha zahabu. Ndani ya chembe za mwili mna mitokondria, vinu vidogo vinavyogeuza chakula kuwa nguvu, kama Nzilo na Nseke zinavyogeuza maji ya Lualaba kuwa umeme. Katika mashine yao ya mwisho mna chuma na shaba kidogo (ndiyo, shaba!). Sianidi inashika pale pale, mashine inasimama.

Kuna magonjwa mengine ya mitokondria ambayo mtu anazaliwa nayo. Kwa ugonjwa wa macho wa Leber, Ulaya iliruhusu dawa ya idebenoni mwaka 2015. Mwaka ule ule Uingereza ilikubali mitokondria za mama mwingine zitumike katika yai, na mwaka 2025 watoto 8 waliozaliwa hivyo walitangazwa. Kazi kubwa, ya pesa nyingi. Konzo haina dawa ya kurudisha miguu, lakini kuizuia kunataka maji na jua tu.

Profesa Bradbury wa Australia alifundisha hivi: tia bunga katika beseni, piga alama mahali inapofika. Ongeza maji ukikoroga. Bunga itashuka, kisha itapanda tena mpaka alama. Itandaze nyembamba juu ya mkeka, saa 2 juani ao saa 5 kivulini, sumu itoke hewani. Katika kijiji cha Kay Kalenge, Popokabaka, akina mama walifanya hivyo mwaka 2010 na 2011, na hakukuwa mgonjwa mpya.

Ongeza samaki ao maharagwe, maana salfa yake inasaidia mwili kuvunja sumu. Na bunga iliyoloweshwa ipikwe siku ile ile, ikilala, inachacha.