Bustani za Mombasa: Kufungua ni siku moja, kutunza ni kila siku

JINA Mukuyuni, linalojulikana vyema Makueni na Kitui, lina maana iliyo wazi kwa yeyote anayefahamu Kikamba: ni mahali penye mkuyu. Zamani mti huo haukuwa mti tu. Chini ya kivuli chake wazee waliketi kuamua mashauri, wachuuzi walitandaza bidhaa zao na msafiri alipumzika bila ya kuulizwa atokako. Mikuyu mingine ilitengwa kwa ajili ya matambiko, na aliyethubutu kuitia shoka alijua kwamba angejibu mbele ya wenzake.

Kwa lugha ya leo, mkuyu huo ulikuwa bustani ya umma. Ulikuwa wa wote, na kwa sababu hiyo wote waliulinda.

Mfano huo unafaa kukumbukwa kila msimu wa likizo, wakati familia nyingi za Ukambani zinapopanda treni katika vituo vya Emali, Kibwezi na Mtito Andei kwenda kuona bahari. Wengi wao hawana uwezo wa kulala katika hoteli za ufuoni. Hufikia kwa jamaa Changamwe au Likoni, na matembezi yao huishia mahali pasipotozwa kiingilio: bustani ya Mama Ngina, bustani ya Uhuru iliyo karibu na zile pembe za ndovu za Moi Avenue, au ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi. Hivyo basi, hali ya bustani za Mombasa si shauri la wakazi wa Mombasa peke yao.

Hata hivyo, wakazi hao ndio wanaozihitaji zaidi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 939,370 katika Mombasa. Kufikia sensa ya 2019, idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi 1,208,333. Katika muda huo wa miaka 10 watu zaidi ya robo milioni waliongezeka, lakini ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Mtoto anayelala katika chumba kimoja pamoja na wazazi na ndugu zake hana ua wa kuchezea. Akikosa bustani, uwanja wake ni barabara, na mwenzake katika mchezo ni tuktuk.

Kwa miaka mingi malalamiko kuhusu bustani za mji huo yalikuwa yale yale: majani makavu, viti vilivyovunjika, taka na giza. Mnamo 2019 mambo yalichukua sura mpya. Serikali kuu, kupitia Wizara ya Utalii iliyoongozwa wakati huo na Bw Najib Balala, iliikarabati bustani ya Mama Ngina kwa gharama iliyotajwa kuwa Sh460 milioni. Mahali ambapo palikuwa na mibuyu mikongwe, upepo wa bahari na wauzaji wa madafu na mihogo ya kukaanga, palijengwa njia pana za kutembelea, vibanda vya biashara na ukumbi wa wazi wa maonyesho. Sherehe za kitaifa za Mashujaa za Oktoba 20 mwaka huo zilifanyiwa hapo hapo.

Ilikuwa hatua ya kupongezwa. Lakini bustani si daraja ambalo likishajengwa laweza kuachwa miaka kadhaa bila ya kuguswa. Bustani ni kiumbe hai. Nyasi hukua, bomba hupasuka, balbu huungua, choo hujaa na chumvi ya bahari hula chuma usiku na mchana. Swali muhimu kuhusu bustani yoyote ni nani huamka alfajiri kuifagia baada ya wageni waheshimiwa kuondoka.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, jibu liko wazi. Jedwali la Nne linakabidhi serikali za kaunti jukumu la bustani za kaunti, fuo na mahali pa burudani. Tangu ugatuzi uanze kutekelezwa mnamo 2013, kazi iliyokuwa ya baraza la manispaa iliingia mikononi mwa kaunti. Tatizo huzuka pale serikali moja inapojenga na nyingine kutarajiwa kutunza. Iwapo hakuna makubaliano ya maandishi yanayoeleza nani atanunua balbu na nani atamlipa mfagiaji, kila upande hungojea mwenzake, na bustani huchakaa katikati yao. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi, na hapa nyasi si fumbo.

Sababu ya pili inahusu mpangilio wa bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti ielekezwe kwa miradi ya maendeleo. Lengo ni jema, yaani kuzuia fedha zote zisiliwe na mishahara na marupurupu. Lakini ukarabati mpya huhesabiwa kama maendeleo, ilhali mshahara wa mtunza bustani, mafuta ya mashine ya kukata nyasi na dawa ya kusafishia choo huhesabiwa kama matumizi ya kawaida, na huko hushindania fungu moja na mahitaji mengine chungu nzima. Tena mradi mpya una utepe wa kukatwa na jiwe la kuandikwa jina la kiongozi. Hakuna kiongozi anayeitisha wanahabari waje kushuhudia bomba likizibwa. Ndiyo maana kujenga upya bustani iliyoharibika huwa rahisi, kisiasa, kuliko kuizuia isiharibike.

Sababu ya tatu ni ardhi yenyewe. Ripoti ya Tume ya Ndung'u iliyokabidhiwa serikali mnamo 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma, zikiwemo bustani na viwanja vya michezo, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria katika sehemu mbalimbali za nchi. Funzo lake ni kwamba bustani iliyotelekezwa ni chambo. Kwanza taa huzimika, kisha watu huacha kwenda, halafu pahali hapo huitwa pori na maficho ya wahuni. Siku moja mabati huzungushwa, na anayeuliza huonyeshwa karatasi. Bustani inayojaa watu kila jioni ni vigumu kuinyakua, kwa kuwa ina maelfu ya mashahidi.

Nairobi ilithibitisha jambo hilo mnamo 1989, serikali ya chama cha Kanu ilipotaka kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walipinga, wakakejeliwa hadharani na viongozi, lakini mradi huo haukujengwa. Bustani hiyo ilipona kwa sababu wananchi waliijua, waliitumia na wakaona kwamba ni yao.

Je, kuna mji wa pwani uliopata njia bora? Mfano wa karibu ni Forodhani, mjini Zanzibar. Bustani hiyo iliyo mbele ya bahari ilitengenezwa mnamo 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub. Baada ya kuchakaa kwa miaka mingi, ilifanyiwa ukarabati mkubwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan kwa ushirikiano na serikali ya Zanzibar, ikafunguliwa tena Julai 2009. Ukuta wa bahari ulirekebishwa, mifereji ikatengenezwa, taa zikawekwa na miti ikapandwa.

Jambo la kuigwa zaidi, hata hivyo, ni nafasi waliyopewa wachuuzi. Wauza mishikaki, urojo na maji ya miwa hawakuchukuliwa kuwa uchafu wa kufagiliwa. Walipangiwa mahali pao, kwa kuwa wao ndio kivutio cha bustani hiyo jua linapotua. Hapa Kenya mara nyingi tumeshika njia iliyo kinyume: askari wa mji huvamia, mikokoteni hubebwa, na baada ya wiki mbili wachuuzi hurudi kwa siri, bila maji, bila pipa la taka na bila ya wajibu wowote kwa mahali wanapouzia. Mchuuzi mwenye leseni na nafasi inayotambulika ana kila sababu ya kufagia mbele ya meza yake, maana mteja hali penye nzi. Ada yake ndogo, iwapo itawekwa katika hazina ya bustani hiyo hiyo badala ya kumezwa na mfuko mkuu, yaweza kusaidia kumlipa mfagiaji.

Upande wa miti pia una elimu yake. Mnamo 1971 mtaalamu René Haller alianza kazi ya kuyafufua machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipokuwa jangwa la mawe ya matumbawe. Alijaribu aina 26 za miti. Ni aina tatu tu zilizostahimili: mvinje, mnazi na mti uitwao damasi. Majani ya mivinje yalipodondoka, majongoo waliyala na kuyageuza kuwa mbolea, na polepole udongo ukapatikana. Leo pahali hapo ni msitu unaoitwa kwa jina lake.

Funzo kwa wasimamizi wa bustani za umma ni kwamba pwani ina miti yake. Zulia la nyasi laini linalopendeza katika michoro ya wasanifu linahitaji maji kila siku, nao mji wa Mombasa hutegemea maji yanayosafirishwa kwa mabomba kutoka mbali, kama vile chemchemi za Mzima na visima vya Baricho. Si haki nyasi zinyweshwe maji ya kunywa ilhali mama wa Kisauni ananunua maji kwa mtungi. Mbuyu, mvinje, mkungu, mwarobaini na mnazi huvumilia chumvi na kiangazi, na humpa mwananchi kile anachokifuata hasa, yaani kivuli. Maji ya mvua za masika, ambayo leo hukimbilia baharini, yaweza kukingwa na kuhifadhiwa kwa miche michanga.

Zaidi ya hayo kuna suala la usalama. Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mnamo 2015 yanazitaka nchi kuhakikisha kwamba kufikia 2030 kila mtu, hasa wanawake, watoto, wazee na walemavu, anafikia bustani salama. Kwa maneno mepesi, bustani ipimwe kwa jicho la aliye dhaifu. Je, mama na watoto wake waweza kukaa hadi magharibi bila hofu? Je, kiti cha magurudumu chaweza kupita? Je, choo kiko wazi, na kina maji? Bustani inayoshindwa maswali hayo haijakamilika, hata kama iligharimu mamilioni.

Basi hatua za kuchukua hazihitaji wataalamu kutoka ng'ambo. Kila bustani ipimwe na isajiliwe kama ardhi ya umma, na ramani yake ibandikwe langoni ili hata mtoto wa shule ajue mipaka. Kila mradi mpya upitishwe pamoja na fungu la matunzo ya miaka ijayo, la sivyo usipitishwe. Kila bustani iwe na msimamizi anayejulikana na nambari ya simu ya kupokea malalamiko. Nao wachuuzi, wakazi na shule za jirani wawe na viti katika kamati yake.

Miji midogo nayo isidhani kwamba mambo haya ni ya miji mikubwa tu. Wote, makao makuu ya Makueni, ulipata bustani yake ya umma katika enzi ya Gavana Kivutha Kibwana, aliyeongoza kaunti hiyo kati ya 2013 na 2022. Soko la leo ndilo jiji la kesho, na ardhi ya wazi ni rahisi kutengwa kabla ya ghorofa ya kwanza kujengwa.

Wazee wa Mukuyuni hawakuwa na bajeti wala mwanakandarasi. Walikuwa na mti mmoja, na kila mtu alijua kwamba ukikatwa, yeye mwenyewe ndiye atakayekaa juani.