Fahamu: Laurenti Magesa na maadili yanayopimwa kwa uhai
Padri Laurenti Magesa wa Jimbo Katoliki la Musoma, Tanzania, aliyefundisha teolojia jijini Nairobi na kufariki mwaka 2022, alishikilia kwamba dini ya jadi ya Kiafrika ina mfumo kamili wa maadili, yaani kanuni za kupambanua jema na ovu. Katika kitabu chake cha mwaka 1997, kipimo ni uhai: linaloukuza katika jamii ni jema, linaloupunguza ni ovu, ndiyo maana uchoyo, kama wa mtu anayefunga ghala huku jirani akilala njaa, huhesabiwa jirani wa uchawi. Hoja hiyo, ingawa pengine inawasifu wahenga kupita kiasi, inaifanya haki ya kijamii, yaani mgawanyo sawia wa mali na madaraka, kuwa suala la imani, si la sera pekee.