Waata: Mafundi wa Uta Walioitwa Majangili

Abiria wa basi la Mombasa washukapo Mtito Andei kunyoosha miguu na kutafuta chai, ni wachache wanaojiuliza jina hilo lina maana gani. Kwa Kikamba, mtito ni msitu, na ndei ni yule ndege wa mizoga, tumbusi. Msitu wa tumbusi, basi. Na tumbusi hakai mahali pasipo na nyama. Jina lenyewe lamwambia msafiri kwamba hapa, kabla ya vituo vya petroli na vibanda vya chakula, palikuwa nchi ya wanyama na ya watu waliowafuata wanyama hao.

Watu hao walikuwa wa namna mbili. Upande wa Kibwezi, na ng'ambo ya mto Athi hadi Ikutha na Mutha kule Kitui, walikuwako wawindaji wa Kikamba. Chini zaidi, pale Athi unapokutana na mto Tsavo na kuanza kuitwa Galana, hadi kukaribia pwani, walikuwako Waata. Vitabu vingine huwaita Waliangulu, vingine Wasanye. Wao hujiita Waata. Lugha yao ni ya ukoo wa Kioromo na Mungu wao humwita Waaqa, kama wamwitavyo Waoromo wa Ethiopia. Hawakuwa watu wa ng'ombe. Walirina asali, walichimba mizizi, na zaidi ya yote waliwinda ndovu.

Kuwinda ndovu kwa mshale! Msomaji wa mjini aliyemwona ndovu kwenye kalenda tu huenda akadhani hii ni hadithi ya sungura. Lakini uta wa Mwaata haukuwa mchezo wa watoto. Kuuvuta kulihitaji nguvu za kuinua uzito wa zaidi ya paundi 100, yaani kilo 45 na ushee, na wazungu walioupima waliufananisha na zile nyuta ndefu ambazo Waingereza walipigania vita vyao vya kale. Mtu mzima mwenye misuli, kama hakufunzwa tangu utotoni, aliweza kuung'ang'ania hadi jasho limtoke bila kuufikisha nusu. Hata hivyo nguvu peke yake hazikutosha. Mwindaji alimnyemelea ndovu hadi hatua chache tu, upepo ukimpiga usoni ili harufu yake isimtangulie, kisha akaulenga ubavu ili mshale uzame ndani ya tumbo.

Sumu ndiyo iliyofanya kazi iliyobaki. Hutokana na mti uitwao msunguti, ambao vipande vya shina na mizizi yake huchemshwa kwa saa nyingi hadi maji yakauke na kubaki uji mweusi kama lami. Wagiriama walikuwa mafundi wa kuipika, na Waata wengi waliinunua kwao. Wakamba nao walikuwa na yao, waliyoiita ivai. Kuipima, mtu alijikwaruza mkono damu ikatiririka, kisha akagusisha sumu kwenye ncha ya chini ya mchirizi huo na kutazama jinsi weusi unavyoipanda damu kurudi juu. Ukipanda upesi, sumu ni kali. Na mpimaji aliifuta damu kabla weusi haujafika kwenye kidonda, la sivyo yeye ndiye angekuwa mnyama wa siku hiyo. Ncha ya mshale ilizungushiwa ngozi nyembamba ili sumu isikauke, na iliondolewa wakati wa kufyatua tu. Wataalamu wameichunguza dawa iliyomo ndani yake, waiitayo ouabain, wakakuta kwamba inashambulia moyo, na madaktari wa Ulaya wakawahi kuitumia kwa kiasi kidogo mno kutibu moyo uo huo. Nyama ya ndovu aliyekufa kwa sumu hii huliwa bila madhara, mradi sehemu ya jeraha imekatwa na kutupwa.

Pembe zilikwenda pwani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipita nyika hii ikielekea Mombasa, na mfanyabiashara maarufu kuliko wote alikuwa Kivoi wa Mwendwa wa Kitui. Ndiye aliyempokea mmishonari Ludwig Krapf mwaka 1849, safari ambayo Krapf aliuona Mlima Kenya. Kivoi aliuawa na wanyang'anyi mwaka 1851 akiwa pamoja na Krapf, karibu na mto Tana.

Dini haikukaa mbali na nyika hiyo. Wakamba husimulia kwamba Mulungu aliwashusha watu wa kwanza juu ya mwamba wa Nzaui, huko Makueni, na kwamba alama za nyayo ziko juu ya jiwe hadi leo. Sadaka zilitolewa ithembo, yaani kichaka kitakatifu, aghalabu chini ya mti mkubwa ambao hakuna aliyethubutu kuukata. Wazee walizungumza huko na aimu, roho za waliotangulia, na wanawake walicheza kilumi kwa ngoma nzito mvua ilipokawia.

Kisha ikaja reli. Mwaka 1898 vyuma vilipita hapa vikielekea bara, na mwaka uliofuata vilifika Nairobi. Aprili 1909 alipita juu ya reli hiyo mgeni mmoja mkubwa, akiwa ameketi kwenye kibao kilichotundikwa mbele kabisa ya garimoshi ili aone wanyama vizuri. Alikuwa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kuiacha Ikulu ya Marekani majuma machache tu nyuma. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari ile, 11 kati yao wakiwa ndovu. Walikuwa na leseni. Mwaata, ambaye babu yake alizaliwa hapa, hakuwa nayo, wala hakujua kwamba nyama ya kwao ingemhitaji karatasi.

Roosevelt hakuwa mgeni wa mambo kama haya. Mwaka 1883 alikwenda nchi ya Dakota, huko kwao, kuwinda baisoni, yule nyati mwenye nundu na manyoya, wakati ambapo wanyama hao walikuwa karibu kwisha. Tambarare zile zilikuwa za Walakota na jirani zao, Wacheyenne na Waarapaho, ambao kwao baisoni alikuwa nyama, hema, nguo na ibada. Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliwaahidi Milima Myeusi, Black Hills, ambayo kwao ni mitakatifu. Mwaka 1874 dhahabu ikaonekana humo. Juni 1876 akina Sitting Bull na Crazy Horse walimwangamiza Jenerali Custer na askari wake katika bonde la Little Bighorn, lakini mwaka uliofuata milima ilichukuliwa. Baisoni, waliokuwa mamilioni kwa mamilioni, hawakufika 1,000 ilipofika mwaka 1889. Ngoma ya jua, ibada yao kuu, ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1883, na walipoanza kucheza ngoma mpya ya mizimu wakiomba baisoni na wafu warudi, jeshi liliua watu zaidi ya 150 huko Wounded Knee tarehe 29 Desemba 1890, wakiwemo wanawake na watoto wengi.

Hata Ukambani serikali iliogopa ngoma. Mwaka 1911 mwanamke aitwaye Siotune wa Kathuke, pamoja na Kiamba, walianzisha vuguvugu la ngoma na kupagawa ambalo liliwafanya watu waache kuwasikiliza wakuu wa serikali. Wote wawili walikamatwa na kuhamishwa mbali na kwao.

Pigo la Waata lilikuja kwa kalamu. Tarehe 1 Aprili 1948 serikali ya kikoloni ilitangaza Mbuga ya Taifa ya Tsavo, zaidi ya kilomita 20,000 za mraba, na uwanja wao wa kuwindia ukawa ndani ya mpaka. Baina ya 1956 na 1957 msimamizi wa Tsavo Mashariki, David Sheldrick, akishirikiana na Bill Woodley, aliendesha msako mkubwa kwa mtindo wa kijeshi. Wawindaji wa Kiata na wa Kikamba walitiwa ndani kwa wingi. Galogalo Kafonde, ambaye sifa zake za uta zilivuma Galana nzima, alisakwa kama jambazi. Ni kweli ndovu wengi walikuwa wakiuawa, na pembe zilikuwa na soko la siri pwani. Si haki kuwafanya Waata malaika. Ila matajiri walionunua pembe hizo hawakujaza jela kama wao.

Baadhi ya wazungu waliona aibu. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, nje ya mbuga, ili Waata waweze kuwinda kwa halali na kunufaika. Wazo lilikuwa jema, lakini mwindaji aligeuzwa kibarua wa mshahara, na baadaye eneo likawa ranchi. Mwaka 1977 uwindaji wote ulipigwa marufuku nchini.

Hapo ndipo penye jambo la kustaajabisha. Uta ulikuwa umekwisha Tsavo, wenyewe wamevunjwa nguvu, na ndovu ndipo walipokufa zaidi. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu. Kisha zikaja bunduki za rashasha, na hesabu ya 1988 ikakuta ndovu wasiofika 6,000. Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe jijini Nairobi. Idadi imepanda tena tangu hapo; sensa ya 2021 ilikuta takriban 15,000 Tsavo.

Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua Walakota na ndugu zao wa Sioux walipwe zaidi ya dola milioni 100 kwa ajili ya Black Hills. Walizikataa, na fedha hizo zimezaa hadi kupita dola bilioni moja bila kuguswa. Wanataka milima. Kwetu, Katiba ya 2010 inahesabu ardhi za jadi za wawindaji kuwa ardhi ya jamii, na Waogiek wa Mau walishinda katika Mahakama ya Afrika mwaka 2017, kisha mwaka 2022 wakaamuliwa fidia ya shilingi milioni 157.85. Waata hawajapata hukumu ya namna hiyo. Wengi wao sasa wanalima mahindi Kilifi na Tana River, wengine ni Waislamu, wengine Wakristo, na watoto wao huzungumza Kigiriama au Kiswahili kuliko Kiata.

Mkulima wa Mtito Andei naye hukesha na tochi na debe la kupiga, maana ndovu huvuka usiku wakati wa kiangazi. Sheria ya 2013 yaahidi shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa na ndovu, lakini malipo yamejulikana kwa kuchelewa. Huko Sagalla, karibu na Voi, wakulima wamezungushia mashamba yao nyaya zilizotundikwa mizinga ya nyuki, kwa kuwa ndovu akiguswa na waya mizinga hutikisika na nyuki hutoka, naye hukimbia. Asali huuzwa.