Gharama ya Kumfungia Nguruwe Bandani

Mfugaji wa Matogoro, pembezoni mwa mji wa Songea, anapoacha kuwaachia nguruwe wazurure na kuanza kuwafungia bandani, huubeba yeye mwenyewe mzigo wa kuwatafutia chakula, na kwa kuwa chakula huchukua takribani theluthi mbili ya gharama zote za ufugaji wa ndani, au hata zaidi, faida huamuliwa kwenye hori kabla ya kufika sokoni.

Kipimo kikuu ni uwiano wa chakula na uzito, yaani idadi ya kilo za chakula zinazoongeza kilo moja ya mnyama. Nguruwe anayekuzwa kutoka kilo 20 hadi 80 atakula kilo 180 ikiwa uwiano ni 3, lakini uwiano ukiwa 5 atakula kilo 300, ilhali mnunuzi atalipa bei ileile. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, na wingi wa pumba baada ya mavuno ndio unaowapotosha wengi: pumba hutia nguvu, lakini protini yake ina upungufu wa laisini, kirutubisho ambacho mwili wa nguruwe hauwezi kujitengenezea na ambacho kikikosekana misuli haijengeki hata tumbo likijaa. Mnyama wa pumba tupu hukaa bandani muda mrefu zaidi, na kila siku inayoongezeka sehemu ya chakula chake huishia katika kumweka hai tu. Kwa hiyo soya iliyokaangwa, inayoziba upungufu huo wa laisini, ingawa ni ghali kwa kilo, inaweza kuishusha gharama ya nyama.

Banda pia lina faida isiyoandikwa kwenye daftari. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, haina tiba na huweza kumaliza kundi zima, hivyo ukuta na mlango unaofungwa ni kinga ya mtaji. Vilevile nguruwe asiyefikia kinyesi cha binadamu hapati mayai ya tegu, mnyoo ambao mayai yake yakimwingia mtu huweza kusababisha kifafa. Gharama ya ugonjwa huo hulipwa na familia ambazo pengine hazifugi kabisa.

Hata hivyo, samadi iliyorundikwa mahali pamoja husombwa na mvua, na milima ya Matogoro ndiyo chanzo cha Mto Ruvuma. Samadi hiyo ikiozeshwa na kupelekwa shambani, hupunguza fedha za mbolea ya dukani, na mahindi yanayovunwa hurudi bandani yakiwa pumba.